Neno la Mutu wa Sifa na Malipo ya Hasara



Katekista mumoja wa upande wa Mitwaba alituletea ulizo hili. Mupiga gitari anayependwa na vijana wote wa pale alishika mikro siku ya sikukuu, akamutaja mama mumoja mujane kwa jina lake, akasema kwa kucheka ya kwamba ni mulozi. Watu walicheka pamoja naye. Kesho yake hakuna mutu aliyenunua unga wa mihogo wa yule mama. Kisha majuma matatu, hata jirani zake waliacha kwenda naye ku mto. Kijana alijuta, akaenda kuungama (ni yeye mwenyewe anayesema hivyo mbele ya watu), akarudi kuimba. Katekista anauliza: «Padri, mambo yamekwisha?»

Hayajakwisha. Musamaha ni neno moja, na deni ni neno lingine. Mwivi wa mbuzi akisamehewa, bado inamupasa kurudisha mbuzi. Mutakatifu Toma wa Akwino, anapofundisha juu ya kurudisha mali ya wengine, anahesabu jina jema kati ya vitu vya kurudishwa. Aliyesema uongo, akubali mbele ya watu ya kwamba alidanganya. Aliyesema jambo la kweli pasipo haki ya kulisema hawezi kusema ya kwamba alidanganya, maana angeongeza uongo juu ya kosa. Aseme tu ya kwamba alimutendea mwenzake vibaya. Na kama jina haliwezi kurudi tena, amulipe kwa namna ingine. Katekismu ya mwaka 1992, katika namba 2487, inashika njia ileile: deni hili linafunga zamiri hata kama mukosaji amesamehewa, na malipo yapimwe kwa ukubwa wa hasara.

Kwa ukubwa wa hasara: hapa ndipo sifa ya musemaji inaingia. Wengi wanafikiri mutu wa jina kubwa alipe zaidi kwa sababu ana feza nyingi. Si hivyo. Analipa zaidi kwa sababu neno lake linafika mbali, tena linaaminiwa upesi. Mulevi akimwita mama mulozi, watu wanajua ni pombe inayosema. Mupiga gitari akilisema, watoto wanalirudilia njiani, na telefone zinalipeleka mpaka Likasi na Lubumbashi mbele ya jua kushuka.

Sheria ya Leta nayo haikunyamaza. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo kifungu chake cha 258 kinatumiwa hata leo, inasema kwa kifupi ya kwamba mutu aliyemuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima aitengeneze. Haiwaondoi wakubwa, wala waimbaji. Kitabu cha azabu, katika vifungu 74 na 75, kinaazibu mutu anayemuchafulia mwingine jina kwa ubaya, na anayemutukana mbele ya watu. Lakini amande ya azabu inaingia katika sanduku la Leta. Mujane haoni hata likuta moja. Ili alipwe, mara nyingi inamupasa kuingia katika kesi na kuomba malipo ya hasara. Ni wajane wangapi wa Mitwaba wenye feza ya avoka na ya safari?

Amande na malipo ya hasara vinachanganywa mara nyingi. Tutazame Tanzania. Katika Julai 2022, Haji Manara, aliyekuwa musemaji wa timu ya Yanga, alikatazwa mambo ya mupira kwa miaka 2 na kutozwa shilingi 20.000.000 na shirikisho la mupira, juu ya maneno aliyomwambia rais wa shirikisho lile. Hiyo ni amande. Mwaka 2021, Mahakama Kuu ya inchi ileile ilimuamuru Cyprian Musiba, mutu wa magazeti, amulipe Bernard Membe, aliyekuwa waziri wa mambo ya inje, mabilioni ya shilingi kwa kumuharibia jina. Hayo ni malipo ya hasara. Wazee wetu walijua tofauti hii bila kusoma dekreti: kuku wa matusi anakwenda kwa aliyetukanwa. Kama sultani anamukula peke yake, kesi ingali palepale.

Mabilioni haya yanatuogopesha kidogo. Mukubwa anaweza kutumia kesi kama fimbo ya kufunga vinywa vya wadogo. Mwandishi anayeonyesha ginsi feza ya barabara ilivyopotea hakumutukana mutu, hata kama mwenye kuila anaona haya. Yeye hana deni.

Lakini neno gumu zaidi ni tusi linaloangukia kabila zima, nasi wa Katanga tunalijua. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliyekuwa gavana tangu mwaka 1991, aliwaita watu wa Kasai «bilulu», maana yake wadudu. Katika 1992 na 1993 walifukuzwa kwa makumi elfu katika Likasi, Kolwezi na miji mingine, hata wale waliozaliwa hapa. Walilala ku magare wakingojea treni, na wengi walikufa, watoto zaidi. Neno moja halikufanya yote. Kulikuwa siasa ya Mobutu na mashindano ya Nguza na Tshisekedi. Lakini ni vyepesi kumufukuza mududu kuliko jirani. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 juu ya ukabila ilikuwa pale. Hakuna tribinali iliyomulipisha. Mwaka 2020 alifanywa mukubwa wa baraza la SNCC, kampani ya treni zilezile, na mwaka 2021 alikufa.

Kwa nini hivyo? Kwa sababu sheria ya malipo inataka mutu mumoja mwenye hasara yake. Anayelia kati ya maelfu anajibiwa: «Hakukutaja wewe.» Mwimbaji Simon Bikindi wa Rwanda alihukumiwa Arusha mwaka 2008 kufungwa miaka 15, si kwa nyimbo zake, lakini kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyasema kwa kipaza sauti mwaka 1994. Lakini hata tribinali ile haikuwa na uwezo wa kuwalipisha wakosaji malipo kwa walioumizwa. Pahali sheria inaposimama, zamiri ingali na deni, na padri asimuachilie mukubwa kwa sababu hakuna zuzi aliyemuita.

Feza pasipo kulirudisha neno ni kununua kinywa cha maskini. Kulirudisha neno pasipo feza, nako ni rahisi sana kwa mwenye mali, kama aliyetukanwa amelala njaa.

Kwa mupiga gitari wetu, katekista na wazee walihesabu unga uliokosa wanunuzi, wakaweka bei yake. Wakamuambia tena ya kwamba alisemalo ku mikro atalikana ku mikro, ku kiwanja kilekile. Feza aliitoa siku ileile. Mikro ilimukawisha mpaka Noeli, kwa kuogopa vijana watamucheka. Wazee walitaka aseme mbele ya wimbo wa kwanza, maana kwa wimbo wa mwisho watu wengi wanakuwa wamekwisha kurudi kwao. Alisema, na mama alikuwa pale.