Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Kisiwa cha Penang

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wao hao walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mithali hizi mbili twaziona zikikutana Penang, jimbo la Malaysia ambako Wamalai Waislamu, Wachina na Wahindi wakaa pamoja.

Tangu zama za Waingereza kisiwa cha Penang kilikuwa bandari huria. Bidhaa ziliingia na kutoka bila ya ushuru, na watu wakapata riziki kwa uchuuzi na uchukuzi. Mwaka 1969 serikali kuu iliiondoa fadhila hiyo. Biashara ikapooza, na vijana wengi wakawa hawana kazi. Mwaka huo huo jimbo lilipata Waziri Kiongozi mpya, Lim Chong Eu, aliyekuwa daktari kwa elimu yake.

Bwana huyu hakuketi akiulilia mlango uliofungwa. Kwanza aliitengeneza nyumba. Likaundwa shirika la maendeleo la jimbo, na huko Bayan Lepas, karibu na uwanja wa ndege, mashamba ya mpunga yakageuzwa kuwa eneo huria la viwanda mwaka 1972, la kwanza katika nchi ile. Ndipo yeye na wenziwe wakafunga safari za ng'ambo, hata Marekani, kubisha hodi kwa wenye viwanda.

Hawakwenda na maneno matupu. Walikuwa na ardhi iliyo tayari, msamaha wa kodi kwa muda, na watu wenye hamu ya kazi. Uwanja wa ndege nao ulikuwa hoja kubwa, kwa kuwa vipande vya elektroniki ni vidogo, vyepesi na vyenye thamani, basi husafirishwa kwa ndege pasipo hasara.

Wakaja Intel, Hewlett-Packard, Bosch, Hitachi na wengineo. Mabinti wengi wa Kimalai wakatoka vijijini kwenda viwandani, wakafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Palikuwa na manung'uniko, maana binti alikaa mbali na macho ya wazee wake. Hata hivyo mshahara wake uliwafaa wazee hao hao waliobaki nyumbani.

Lakini mgeni ana miguu. Mwaka 1985, soko la vifaa hivyo liliposhuka duniani, wafanyakazi wengi waliachishwa kazi. Ikadhihirika kwamba mikono mitupu haitoshi, yatakiwa na elimu. Mwaka 1989 kikafunguliwa kituo cha ufundi ambamo serikali ya jimbo na makampuni, hata yale yashindanayo, walishirikiana kuwafundisha wafanyakazi. Hilo ndilo jembe alilopewa mgeni: afundishe!

Lim Chong Eu alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1990, na akafariki mwaka 2010. Viwanda havikuondoka pamoja naye.

Basi, ndugu zetu, kiongozi wetu arudipo kutoka ng'ambo na habari njema, tusiulize tu ameleta mamilioni mangapi. Tuulize mkataba umeandikwaje, ardhi itabaki ya nani, na watoto wetu watafundishwa nini. Nanyi vijana, msingoje mgeni afike ndipo mshike kitabu. Jifunzeni hesabu na ufundi tangu leo, ili ajapo awakute mko tayari.