Kiporo chako kwenye grafu

Je, wewe ni mpenzi wa kiporo cha wali na maharage asubuhi kabla ya kwenda shule? Hauko peke yako. Lakini hebu tuchungulie kinachoendelea ndani ya sufuria usiku kucha. Zile logi za darasani, ambazo wengi husema hazina kazi, leo zitatusaidia.

Bakteria huongezeka kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Bakteria aitwaye E. coli, akipata joto na chakula cha kutosha, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Yaani kila saa idadi inazidishwa mara 8. Tuseme mmoja tu ameingia kwenye sufuria saa 4 usiku. Saa 6 wapo 64. Saa 8 wapo 4,096. Saa 12 asubuhi ni 16,777,216! Kasi halisi hutegemea joto na aina ya chakula, lakini mtindo ni huo.

Sasa tuchore. Kama shuleni kuna kompyuta, tumia GNU Octave, programu ya hesabu isiyolipiwa. Andika:

t = 0:8;
n = 8.^t;
plot(t, n)

Utaona mstari umelala chini, halafu mwishoni unapaa ghafla. Kwenye grafu yenye kimo cha sentimita 16, wale 262,144 wa saa 10 alfajiri wanafika milimita 2 na nusu tu. Wale 4,096 huwaoni kabisa. Ukiiangalia haraka utasema, "Mbona usiku hakukuwa na shida?"

Badilisha amri ya mwisho:

semilogy(t, n)

Sasa mhimili wa wima unapimwa kwa logi. Kila hatua ya juu ni kuzidisha kwa 10: 1, 10, 100, 1,000. Mstari umenyooka! Wale 4,096 wako katikati yake kabisa. Mstari ulionyooka maana yake kasi ya kuzidishana ni ileile tangu mwanzo. Hatari haikuanza alfajiri. Ilianza saa 4 usiku.

Angalia mambo haya:

1. Soma namba za mhimili kwanza. Kushuka hatua moja, toka 1,000,000 hadi 100,000, ni kupungua kwa asilimia 90.

2. Sifuri haina logi. Siku yenye idadi 0 haitaonekana kwenye grafu hii.

3. Mstari ukianza kulala, kasi imepungua, labda kwa sababu chakula kimewaishia.

Na kiporo je? Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kama una friji, kiweke humo mapema, na kabla ya kula kipashe hadi kitoe mvuke kote. Lakini usidhani moto unamaliza kila kitu. Kwenye wali kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake huvumilia kupikwa, na sumu yake moja ya kutapisha haiharibiwi kwa kupasha moto. Huna friji? Pikeni kinachotosha, mkimalize usiku uleule.