Shamari Katika Chupa ya Mtoto



Baada ya darsa ya akina mama tulijiwa na mzazi kijana mwenye binti wa miezi mitano. Mavyaa wake humnywesha mtoto maji ya shamari kila jioni kwa ajili ya mchango, naye amesikia kuwa yana madhara. Je, akiyakataa atakuwa amemvunjia heshima?

Tulilazimika kwanza kuijua shamari yenyewe. Utamu na harufu yake hutokana na kiambato kiitwacho anetholi, kilichomo pia katika yansuni. Katika majaribio ya maabara na ya wanyama, kiambato hiki kimeonekana kuiga, ijapokuwa kwa udhaifu, kazi ya homoni ya kike, estrojeni. Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki waliandika habari za watoto wachache wa kike walioota matiti kabla ya wakati baada ya kunyweshwa chai ya shamari kwa miezi. Ilipoachwa, matiti yakanywea. Uchache wao hauthibitishi jambo, lakini unatosha kutuzindua. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya nayo haipendekezi chai hiyo kwa walio chini ya miaka 4, hasa kwa sababu ya kiambato kingine, estragoli, ambacho kwa vipimo vikubwa kimewatia panya saratani ya ini.

Hatusemi shamari ni haramu. Asili ya vyakula ni uhalali, na punje chache katika mchuzi wa jamaa nzima si sawa na chupa ya kila siku kwa kiumbe wa kilo sita. Isitoshe, hadi miezi 6 Shirika la Afya Duniani lapendekeza maziwa ya mama pekee, pasi na hata maji. (Tahniki ya tende ni jambo jingine, wasomaji wasituandikie kwa hilo.) Binti mchanga akionekana na uvimbe kifuani, apelekwe kwa daktari, asikandwe nyumbani.

Tukaomba kukutana na mavyaa, mwanawe akiwapo.

“Sheikh, wanangu saba nimewalea kwa shamari, na hawana dosari.”

Hatukumpinga, kwani hakusema uwongo. Tulimwuliza tu: “Mama, walikuwa wakinyamazishwa na shamari, au na kule kupakatwa wakinyweshwa?”

Akacheka. Siku hizi mtoto akisha kunyonya, yeye ndiye amwekaye begani na kumsugua mgongo hadi acheue. Shamari huitia katika chai yake mwenyewe.