Yule dada wa kazi anaitwa nani?



Jioni moja ya mwezi wa sita, baridi ya Lushoto inapowasogeza watu karibu na jiko, nilikuwa mgeni katika nyumba moja juu ya Soni. Baada ya ugali na sala, majirani walianza kuingia mmoja mmoja, vitenge mabegani. Saa ya tamthilia ilikuwa imefika.

Unazijua tamthilia hizi. Tangu runinga ianze Tanzania Bara mwaka 1994 tumetazama michezo ya kikundi cha Kaole kupitia ITV, tukaja kwenye Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, na zile za Kituruki ambazo Azam inatuletea kwa sauti za Kiswahili. Hadithi zinatofautiana, lakini mara nyingi nyumba ni ile ile: geti kubwa, gari la kifahari, ngazi za kupanda ghorofani, na wakubwa wanaogombania mali na mapenzi. Pembeni yupo dada wa kazi. Anafungua mlango, analeta juisi, anaambiwa atoke wakubwa wakitaka kusemezana siri. Akipewa maneno, mara nyingi ni ya kuchekesha, kwa lafudhi ya kijijini.

Jioni ile dada wa kazi aliangusha sinia, akatukanwa. Sebule nzima ikacheka. Hakucheka binti mmoja tu, aliyekuwa amerudi mlimani baada ya kufanya kazi za ndani Dar es Salaam kwa miaka minne. Akauliza taratibu, "Hivi yule dada anaitwa nani?"

Tukatazamana. Wenyeji wangu walikuwa wameifuata tamthilia ile kwa miezi. Walijua jina la tajiri, la mke wake, hata la kampuni yake. La dada hakuna aliyelijua. Binti akasema, "Hata mimi niliitwa dada tu. Siku naondoka, mtoto niliyemlea ndiyo akaniuliza jina langu."

Usiku ule nilifungua Luka 16, kuanzia mstari wa 19. Yesu anasimulia habari za tajiri aliyevaa nguo za thamani na kula vizuri kila siku, na maskini mwenye vidonda aliyelala mlangoni pake. Ingekuwa tamthilia yetu, kamera ingekaa mezani kwa tajiri, na yule wa getini angepita tu. Yesu aligeuza mambo. Tajiri hakutajwa jina. Maskini anaitwa Lazaro, na ukimwacha Ibrahimu aliyemo humo humo, hakuna mhusika mwingine katika mifano ya Bwana aliyepewa jina.

Lakini soma mpaka mwisho. Tajiri akiwa katika mateso anaomba Lazaro atumwe amletee maji. Kumbe jina alilijua siku zote! Alilikumbuka alipotaka kutumikiwa.

Tusikimbilie kuwalaumu watunzi. Wapo waliojaribu njia nyingine; Siri ya Mtungi ilimweka katikati mpiga picha, mtu wa kawaida tu. Wengine wanatuonyesha tunachopenda kutazama, na wakati mwingine tulivyo.

Tazama ibada zetu wenyewe. Gari kubwa likisimama nje, mzee wa kanisa anakwenda mbio kutafuta kiti cha mbele. Mama aliyeteremka mlima alfajiri na kabichi kichwani kwa ajili ya mnada anakaa nyuma, karibu na mlango. Baada ya ibada kabichi yake inanadiwa, tunampigia makofi aliyeinunua na kumtaja kwa jina. Aliyeilima hatajwi. Yakobo aliliona jambo hili mapema. Soma sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 4, uone kama hasemi habari za usharika wako.

Basi wewe unayesoma gazeti hili baada ya ibada, nikuulize. Anayekupikia chai saa hizi anaitwa nani? Jina lake kamili, alilobatizwa nalo au alilopewa na bibi yake? Kwao ni wapi? Leo amekwenda ibadani, au amebaki na watoto ili wewe uende? Anakula meza gani? Mshahara wa mwezi uliopita ameupata?

Kujua jina ni mwanzo tu, maana hata yule tajiri alilijua. Bwana anatutaka tufungue geti, tumwone aliyelala pale kabla haijafika siku ambayo sisi ndio tutakaoomba maji.

Ee Bwana, wewe unayetujua kwa majina, utufundishe kuwaona wale tuliozoea kuwapita. Amina.

Jumapili njema.