Homa si malaria pekee: mwanafunzi wa udaktari anavyojifunza kutambua ugonjwa

Mgonjwa hufika hospitalini na malalamiko: homa, kikohozi, maumivu ya tumbo. Kutoka hapo daktari hukisia magonjwa machache yanayoweza kuwa chanzo, kisha huyachuja kwa maswali, kwa uchunguzi wa mwili na kwa vipimo. Nchini Tanzania, Shahada ya Udaktari wa Binadamu husomwa kwa miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na sayansi nyingine za msingi. Kisha mwanafunzi huingia wodini, na huko ndiko hasa anakojifunza kuchuja.

Jambo la kwanza ni kuchukua historia ya mgonjwa. Mwaka 1975, J. R. Hampton na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa wagonjwa 66, historia peke yake ilitosha kufikia jina la ugonjwa lililothibitishwa baadaye. Uchunguzi wa mwili ulibadili mawazo ya daktari kwa wagonjwa saba tu, na maabara kwa wengine saba.

Wengi hudhani daktari bingwa humzidi mwanafunzi kwa sababu hachelewi kukisia au ana mbinu ya siri. Mwaka 1978, Arthur Elstein na wenzake wa Marekani walionyesha vinginevyo: wote wawili hukisia mapema, ndani ya dakika chache za mwanzo. Tofauti iko kwenye ubora wa makisio, nao hutokana na ujuzi wa ugonjwa husika. Ndiyo maana bingwa wa moyo anaweza kukwama mbele ya tatizo la ngozi. Kadiri mwanafunzi anavyoona wagonjwa, kila ugonjwa hujijengea sura kichwani mwake: humpata nani, huanzaje, huendeleaje.

Chukua mtoto wa miaka mitatu mwenye homa na kikohozi. Mwanafunzi mgeni husema malaria na kuishia hapo. Kwenye raundi, mwalimu humuuliza: "Na nini kingine?" Hapo ndipo mwanafunzi humfunua mtoto kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa umri huo, pumzi 40 au zaidi ni za haraka, nazo huelekeza kwenye nimonia. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, kisio hilo hupata nguvu. Kikitoka chanya, nimonia haijafutwa, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na yote mawili.

Swali la mwalimu lina msingi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapishwa mwaka 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa katika kliniki za wagonjwa wa nje. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5, huku asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kuridhika na jibu la kwanza na kuacha kutafuta ni miongoni mwa makosa yanayojulikana sana katika utambuzi wa magonjwa.

Kosa hilo hupunguzwa kwa mazoezi. Mwanafunzi hutakiwa kutaja magonjwa matatu au manne yanayowezekana, aeleze kila mmoja unaungwa mkono na dalili gani na unapingwa na ipi, akianza na ule unaoweza kuua haraka. Tangu mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kimefundisha kwa vikundi vidogo vinavyoanza na tatizo la mgonjwa badala ya mhadhara, na vyuo vingi duniani vimeiga.

Hata hivyo, kuona wagonjwa wengi hakutoshi. Mwanafunzi asiyerudi kitandani kujua ugonjwa ulithibitishwa kuwa nini hawezi kujua alipokosea, na atalirudia kosa hilo hilo akiwa daktari kamili. Kufuatilia mgonjwa hadi aruhusiwe ni sehemu ya somo.