Picard: programu ya bure ya kurudishia nyimbo zetu majina

Wandugu wahitimu na wanafunzi, leo tuongee juu ya kitu chenye wengi wetu tuko nacho: dosie ya muziki yenye nyimbo elfu tatu ao ine, na mwenyewe hujui tena ndani iko nini. Nyimbo zilitoka ku flashi ya rafiki, ku WhatsApp, kwa vijana wenye kutia muziki ku telefone pale barabarani. Zilifika na majina sawa «Track 05» ao «AUD-20190412-WA0007».

Shida si fujo tu. Kwa telefone mingi, wimbo «Mabele» umeandikwa «Franco», basi. Lakini mtungaji ni Simaro Lutumba, na sauti ni ya Sam Mangwana. Franco alikuwa kiongozi wa orkestra. Mwezi wa 12, 2021, UNESCO ilitia rumba ya Congo kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tunafurahi, lakini ku mashini zetu wenye waliifanya wanaitwa «Unknown Artist».

Programu yenye kusaidia inaitwa MusicBrainz Picard. Ni ya bure, haiombe leseni, na inatumika ku Windows, Linux na Mac.

Inafanya kazi namna gani? Picard haitegemee jina la faili peke yake. Mashini yako inapima sauti ya dakika mbili hivi za mwanzo wa wimbo, inatoa alama fupi, sawa alama ya kidole cha mtu. Ni ile alama njo inatumwa ku intaneti, si wimbo mzima, kwa hiyo mega zako haziishi haraka. Alama inalinganishwa na zingine zenye ziko katika AcoustID. Kisha MusicBrainz, daftari kubwa lenye kuandikwa na watu wa kujitolea, inaleta jina la wimbo, la mwimbaji, la albamu, na mwaka kama unajulikana.

Fuata hivi:

1. Kopi kwanza dosie yote ku diski ingine. Usiruke hatua hii, sababu Picard inabadilisha faili zenyewe.

2. Anza na nyimbo 100 hivi, si zote. Zitie upande wa kushoto, kisha bonyeza «Scan». Zenye kutambulika zinahamia upande wa kuume.

3. Angalia rangi. Kijani inaonyesha kama habari zinalingana vizuri. Ikielekea nyekundu, kuna mashaka. Hata kwa kijani, sikiliza chache: wimbo mmoja unaweza kutoka katika albamu ya kwanza na katika mikusanyo mingi ya nyuma, na Picard inaweza kuchagua mkusanyo.

4. Ukisharidhika, bonyeza «Save». Habari zinaandikwa ndani ya faili. Hata ukimtumia rafiki faili yenyewe ku flashi, jina la mwimbaji linaenda pamoja nayo.

5. Kubadilisha majina ya faili na kuzipanga katika dosie kwa mwimbaji na albamu, uache mpaka utakapozoea. Na kama mega ni kidogo, zima picha za albamu.

Sasa, mipaka yake. Wimbo uliorekodiwa ku redio, mtangazaji akisema juu yake, mara mingi hautatambulika. Kaseti yenye kuzunguka polepole, vilevile. Na kuna nyimbo mingi za kwetu, za orkestra za muji na kwaya za parokia, zenye hazijaandikwa bado mu daftari lile.

Hapo njo kazi yetu inaanza. Picard inakuachilia uandike habari kwa mkono wako, na MusicBrainz inakubali kila mutu afungue akaunti bure na kuongeza chenye anajua. Lakini mashini haiwezi kujua nani alipiga gitaa ya solo katika kaseti ya baba yako. Wazee wenye kujua wangali wanakumbuka leo. Usingoje mwaka kesho. Kaa nao, uwasikilizishe nyimbo, uandike jina, orkestra na muji. Gunia la mbegu pasipo etiketi, hata kama mbegu ni nzuri, hakuna mwenye atajua ni aina gani. Muziki pia ni hivyo.

Kama uko na dosie kama ile, anza wiki hii na nyimbo 100. Kisha andika hapa chini: ngapi zimepata majina, na gani zimebaki yatima? Pengine kuna mwenye kuzijua kati yetu.