Ugonjwa mmoja, malipo tofauti: Likizo ya ugonjwa na wafanyakazi wa Kitengela

Katika ploti moja ya nyumba za kupanga mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, si ajabu kuwapata mwalimu wa shule ya umma, mshonaji wa nguo katika eneo la EPZ, fundi wa mjengo na mama mboga wakichota maji kwenye mfereji mmoja. Homa ya mapafu ikiingia katika ploti hiyo, haibagui mlango. Tofauti hujitokeza siku ya malipo. Mwalimu atakuwa amelala kitandani huku mshahara wake ukiingia benki kama kawaida. Mshonaji atakuwa akihesabu siku alizobakisha. Fundi na mama mboga walianza kupoteza pesa asubuhi ile ile waliposhindwa kuamka.

Wengi hudhani tofauti hii imetokana na kutokuwepo kwa sheria. Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008, inasema katika kifungu cha 30 kwamba mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa malipo kamili, kisha siku saba nyingine kwa nusu ya malipo, katika kila kipindi cha miezi 12. Kifungu hicho hakimtaji mwenye tai wala mwenye ovaroli. Yaya, bawabu na karani wote wamo.

Tena hicho ni kiwango cha chini tu. Amri ya jumla ya kudhibiti mishahara, ambayo ni kanuni nyingine ya serikali, inatoa hadi siku 30 kwa malipo kamili na siku 15 kwa nusu kwa wafanyakazi inaowahusu. Sekta ya kilimo, yakiwemo mashamba ya maua, ina amri yake yenyewe. Mikataba kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri nayo inaweza kuongeza siku, na kifungu cha 26 cha Sheria ya Ajira kinaagiza kuwa penye masharti mawili, yale yanayomfaa zaidi mfanyakazi ndiyo yafuatwe. Katika utumishi wa umma, likizo ya ugonjwa hupimwa kwa miezi badala ya siku. Ndipo pengo la kwanza lilipo: hata miongoni mwa walioajiriwa kwa barua, ugonjwa mmoja una bei mbalimbali.

Lakini pengo kubwa si hilo. Pengo kubwa limo katika maneno "miezi miwili mfululizo".

Kitengela ni mji uliokua kwa nguvu za watu wanaotafuta kazi. Umbali mfupi kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka wa kaunti kuelekea Athi River, kuna eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, lililotokana na sheria ya 1990, pamoja na viwanda vya saruji. Ukifuata barabara ya Namanga hadi Isinya utakuta mashamba ya maua. Katikati ya yote hayo, majumba hujengwa kila uchao. Kazi hizi huhitaji mikono mingi, lakini si lazima mikono ile ile kila wiki. Kwa sababu hiyo, alfajiri katika miji kama huu, watu husimama nje ya malango wakisubiri kuchaguliwa kwa kazi ya siku hiyo.

Sheria inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kwa maana hiyo, kibarua halisi haufikii mwezi wa pili hata kidogo. Kila jioni kazi yake hufa, na kila asubuhi huzaliwa upya. Akiugua Jumanne, hakuna mwajiri wa Jumatano anayewajibika kumlipa.

Waliotunga sheria waliona hatari hiyo, ndiyo maana wakaweka kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya muda unaolingana na miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, hata kama bado anapewa pesa zake mkononi kila jioni. Akitimiza miezi miwili mfululizo tangu siku ya kwanza, anastahili masharti yote ambayo angepata kama hangeanza akiwa kibarua. Likizo ya ugonjwa ni mojawapo.

Hiki ni kifungu chenye meno, ila meno hayo huuma mahakamani tu, si langoni. Ili kukitumia, kibarua hana budi kuthibitisha kwamba alifanya kazi mfululizo. Mara nyingi ushahidi wake ni kumbukumbu zake, jina la msimamizi na labda ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwajiri asiyetaka mzigo huo anaweza kumpumzisha mtu kwa majuma kadhaa kisha amwite tena, au kutumia wakala wa kuajiri, hivi kwamba mshonaji anaamka kiwandani asijue kama mwajiri wake ni mwenye cherehani au mwenye orodha ya majina. Swali hilo halimsumbui akiwa mzima. Humsumbua siku anapotakiwa kupeleka cheti cha daktari.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu anayelipwa Sh18,000 kwa mwezi, sawa na Sh600 kwa siku tukigawa kwa 30, akiugua siku 14 chini ya kiwango cha chini cha kifungu cha 30, atapata Sh4,200 kwa wiki ya kwanza na Sh2,100 kwa wiki ya pili. Amepoteza Sh2,100. Kibarua wa mjengo wa Sh700 kwa siku, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, atapoteza Sh8,400 katika siku hizo hizo 14, yaani kila senti. Aliyeonekana kuwa na ujira mnono zaidi kwa siku ndiye anayekosa kodi ya nyumba.

Siku hizo 14 zina historia. Mnamo Aprili 6, 2020, serikali ilipofunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya corona, Kitengela ilikuwa ndani ya mpaka huo, na marufuku hayo yalidumu hadi Julai mwaka huo. Muda wa karantini ulioagizwa wakati ule ulikuwa siku 14. Kwa mfanyakazi mwenye kiwango cha chini cha kisheria, karantini moja ingetosha kumaliza likizo yake yote ya ugonjwa ya mwaka. Kwa kibarua, kujitenga kulimaanisha kukaa bila chakula, na wengi walioambiwa wabaki nyumbani walikuwa na sababu nzuri ya kuficha kikohozi. Afya ya aliye na likizo hutegemea pia aliyekosa likizo, maana hupanda matatu moja.

Je, bima haiwezi kuziba pengo? Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mshahara na huhusika na gharama za matibabu. Haimlipi mgonjwa ujira alioupoteza. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 humlipa aliyekatwa kidole na mashine au aliyepata maradhi yatokanayo na kazi. Malaria ya kawaida haimo. Mama mboga na mwendeshaji bodaboda anayemiliki pikipiki yake hawana hata mwajiri wa kumdai. Kimbilio lao ni chama, michango ya WhatsApp na akiba. Na hao si wachache: takwimu za serikali za 2023 zinaonyesha kuwa takriban watu 83 kati ya kila 100 wenye ajira nchini, bila kuhesabu wakulima wadogo, wamo katika sekta isiyo rasmi.

Anayesafiri kwa barabara ya Namanga hadi ng'ambo atakuta hesabu nyingine. Tanzania Bara, kwa sheria yake ya 2004, humpa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Ukarimu huo una sharti lake, kwani kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Kibarua wa Arusha na wa Kitengela basi hukutana pale pale.

Kwa aliyeajiriwa Kenya, mambo mawili huamua kama haki iliyoandikwa italipwa. La kwanza ni taarifa: sheria inamtaka amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, kwa kuwa kukosa kufika kazini bila ruhusa au sababu halali ni kosa linaloweza kumfutisha kazi papo hapo. La pili ni cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu au anayemwakilisha katika zahanati. Risiti ya duka la dawa haitoshi, na hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu mtu mwenye Sh200 hununua dawa kwanza na foleni ya hospitali huiacha kwa siku nyingine.

Mwajiri naye anapaswa kuandika katika maelezo ya kazi anayompa mfanyakazi masharti kuhusu ugonjwa na malipo yake. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa mkataba au maelezo hayo, kifungu cha 10 humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kabla ya mahakama kuna afisa wa leba, ambaye hupokea malalamishi hata ya mtu asiye na karatasi yoyote mkononi.